Mguso wa Kiwiko

4 Februari

Mpwa wangu Kijiko,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Sisi huku wazima, kwa kiasi cha watu wenye magoti ya miaka hamsini. Goti la mkazamjomba wako limepoa; sasa ni zamu ya langu. Kitambi hakijambo, kinakua vizuri na kinakuulizia. Paka amezaa tena ndani ya sanduku la vyeti vyangu, na mkazamjomba wako anasema hatimaye vyeti hivyo vimepata kazi.

Kadi yako ya video ya kwanza imefika, umeibandika kwenye karatasi kama mdudu wa maonyesho. Najua mtandao wa huko hauwezi kubeba video ya dakika ishirini. Lakini barua nayo, Kijiko? Nimekupigia simu mara tano. Kuandika barua ni ugonjwa wa rika langu. Wewe umeambukizwa na nani?

Hapa chuoni mambo yamebadilika. Zamani niliwafundisha walimu wa chekechea kwa chaki. Nilikuwa nachora mtoto ubaoni, na mtoto mwenyewe alifanana na kiazi. Sasa walimu sitini na wawili wananiletea video za madarasa yao, tunazitazama pamoja. Kanuni yangu unaijua: mara ya kwanza tunazima sauti. Sauti ya mwalimu hudanganya. Mwalimu akichangamka tunadhani darasa zima limechangamka; ukimzima, unaanza kuona mikono ya watoto. Mara ya pili ndipo tunasikiliza. Ofisini kwangu kuzima ni lazima, maana kompyuta haina spika, na Bwana Hesabu ninayechangia naye chumba hataki hata nikohoe.

Yako nimeitazama. Dakika nane nzima umewapa watoto mgongo, unaandika ubaoni, na nyuma yako vita vya penseli vinapiganwa mpaka kiti kinaanguka. Hukugeuka hata mara moja! Hili si nilikufundisha mwenyewe? Sikio la kufa halisikii dawa. Nikasema huyu ama ana roho ngumu, ama amerithi maringo ya marehemu mama yake.

Zimebaki video tano. Ukileta sita nzuri natia sahihi, na mkaguzi anakuthibitisha kazini. Mkataba wako unakwisha Julai, kwa hiyo acha mchezo. Mkuu wa chuo anajua wewe ni mpwa wangu. Ndiyo maana kaniagiza niwe mkali mara mbili.

Nipigie simu.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na mkazamjomba pia mpe shikamoo yake mkononi. Pole ya goti. Kitambi sikipi pole, hicho ulikitafuta.

Mimi mzima. Mwenye nyumba wangu ameezeka bati jipya, na anashinda akiwaomba radhi wapangaji kwa kelele za mvua. Mimi nalala vizuri tu. Watoto wameongezeka, sasa ni arobaini na mmoja. Wapya ni mapacha wasiokubali kuketi mbalimbali, na kabinti kamoja ka miaka minne kenye sweta ya kijani. Kanatembea mikono nyuma kama kanakagua shamba, basi tunamwita Bibi Mdogo. Haongei na mtu yeyote, ila wiki hii ameanza kuongea na mimi.

Mgongo nimeusikia. Nimewaweka wote mbele yangu kwa nusu duara, nami nakaa kwenye kigoda, ukuta nyuma. Naona nyuso zote. Unakumbuka mama alivyopenda kuketi ameegemea ukuta, tena aelekee mlango? Juzi nimejikuta nimekaa hivyo hivyo, nikacheka peke yangu.

Simu yangu spika imekufa. Nitaipeleka kwa fundi. Halafu barua mimi naipenda, mtu unaweza kuirudia.

Kadi ya pili hii hapa. Itunze, maana tableti ni ya shule na tunaifuta kila tukituma. Nakala ni hiyo moja. Na ombi, Mjomba, usicheke: hizi video ziwe za macho yako tu. Toa alama, tia sahihi, basi. Usizipeleke ukumbini. Kamera inanitia haya.

Nahitaji hii kazi. Nakuandikia hivyo bila utani.

Mpwa wako


19 Machi

Kijiko, mwalimu wa walimu!

Nianze na salamu au nianze kucheza? Nianze na salamu, isije ikasemwa sikulelewa. Hujambo? Sisi hatujambo. Paka wadogo wamegawiwa. Mmoja kamchukua Bwana Hesabu, kampa jina la Sehemu, na nasikia anamruhusu kupiga kelele.

Sasa sikiliza. Video yako ya pili nimeitazama mara saba. Nimefundisha kazi hii miaka ishirini na tatu, na sijawahi kuona kitu hiki. Wakati wa kazi za mikono, unapozunguka mezani, hakuna mtoto anayekuita. Hakuna! Katika madarasa mengine yote midomo iko wazi kama makinda: mwalimu, mwalimu, mwalimu. Kwako anayekuhitaji anakuja mwenyewe, anakugusa kiwiko, anangoja ugeuke, mkitazamana macho ndipo anasema. Nimehesabu mara kumi na moja. Watoto wa miaka minne, wanangoja! Mimi mke wangu hajawahi kuningoja nigeuke.

Na yule wa sweta ya kijani. Anakugusa mara nne, wewe uko na mapacha. Basi anakushika kidevu, anakugeuza uso taratibu kama anayefungua kopo. Anasema maneno marefu, kichwa kakiinamisha. Unamjibu neno moja au mawili, na anarudi mahali pake ametosheka. Hapo nilivua miwani, nikasingizia vumbi.

Nimeupa jina: Mguso wa Kiwiko. Tarehe 15 Aprili tuna warsha kubwa, mkaguzi mkuu mwenyewe anakuja. Najua uliomba isitoke machoni pangu. Haya zako nitazibeba mimi, mabega ninayo. Mkaguzi akiona hii, hutahitaji video nyingine nne. Spika za ukumbini hupiga mluzi, na nataka watu watazame tu, kwa hiyo nimeiondoa sauti kabisa nikaihifadhi upya kwenye kadi. Mashine ikaniuliza jambo fulani, nikajibu ndiyo. Mashine ikiniuliza lolote mimi hujibu ndiyo, kama bwana harusi.

Niandikie ukurasa mmoja tu: uliibuni vipi mbinu hii?

Mjomba wako mwenye kujivuna


8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imechelewa, imefika leo. Naomba hii iwahi.

Usiionyeshe. Si mbinu. Sikubuni chochote, watoto wamejifunza wenyewe. Waonyeshe video ya mtu mwingine, nakuomba kwa jina la mama.

Na swali moja, lijibu kwa ukweli: mama alianza kutoitika akiwa na umri gani?

Salamu kwa wote.

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta salama. Sisi wazima. Mkazamjomba wako amenunua cherehani ya mkono wa pili na anashona mapazia ya nyumba nzima. Jana nilivaa shati nikakuta lina maua ya dirishani. Goti langu limetulia. Binamu yako mkubwa amefaulu mtihani wa udereva alipojaribu mara ya nne, na tumekubaliana familia nzima kutembea kwa miguu. Bwana Hesabu anaumwa mafua, na Sehemu amepotea siku mbili, kisha akarudi. Mvua zimekuwa za kawaida.

Barua yako ya tarehe 8 ilinifikia tarehe 25. Warsha ilikwisha kuwa tarehe 15. Ilikwenda vizuri. Watu walikuwa wengi. Projekta ilizimika mara mbili, biskuti zikatosha. Mkaguzi aliandika mambo fulani kwenye daftari lake.

Kuhusu mama yako, hata sikumbuki vizuri. Alikuwa na maringo tu. Tangu usichana wake, wenzake walikuwa wakimwita hageuki, ndiyo maana sisi ndugu zake tukampa jina la Malkia. Alikuwa na umri kama wako hivi, au kidogo zaidi. Usijisumbue na mambo ya zamani.

Kula vizuri. Video ya tatu si lazima uharakishe.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba mheshimiwa,

Shikamoo. Natumai mapazia yamekamilika.

Tarehe 12 niliitwa ofisi ya elimu. Barua ya wito ilisema: "kufuatia yaliyobainika katika warsha." Ile warsha iliyokwenda vizuri.

Walinipeleka hospitali. Kuna kichumba chenye kioo. Unakaa ndani, unavikwa vidude masikioni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Mimi nikawa namtazama mpimaji kupitia kioo. Kila alipozungusha kidude chake, nilibonyeza. Dakika mbili nilikuwa mtu mwenye masikio mazuri kuliko wote mjini. Kisha akageuza kiti, akanipa mgongo. Mjomba, mwenyewe ulinifundisha: mtu akikupa mgongo, kila kitu kinaharibika.

Basi sasa unajua, kama ulikuwa hujui. Lilianza miaka miwili iliyopita, kwanza sikio la kushoto. Simu haina ubaya wowote. Bati la mwenye nyumba ninaambiwa linapiga kelele sana. Wewe nilikuandikia kwa sababu katika barua nilikuwa sawa na watu wengine.

Kule ofisini walisema mwalimu asiyesikia hawezi kuachiwa watoto wadogo. Moto ukizuka, mtoto akilia nyuma ya mlango, je? Nikawaambia miaka miwili hakuna mtoto aliyeumia kwangu. Wakanionyesha kile kiti kilichoanguka nyuma yangu, kwenye ripoti uliyoandika mwenyewe kuhusu video ya kwanza. Wameniondoa darasani tangu siku ile. Mkataba ukiisha Julai nitabaki stoo ya vitabu, kwa hisani yao.

Sikuaga watoto. Walikuwa wamelala usingizi wa mchana.

Nani aliwaambia, Mjomba?

Mpwa wako


21 Juni

Kijiko,

Hujambo mama? Sina habari za nyumbani za kukuandikia leo. Wapo, wanakula, wanalala.

Nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi na fimbo yangu, naonyesha kiwiko chako ukutani, kikubwa kama mlango. Nilishasema mara tatu kwamba huyu ni mpwa wangu, damu yangu. Nikauliza: nani ataniambia siri ya mbinu hii? Safu ya nyuma akainuka mwalimu mmoja mpole, hata mkono hanyooshi siku zote. Akasema, "Mkufunzi, mimi naona huyo mwalimu hasikii. Baba yangu ni kiziwi. Sisi nyumbani tunamwita hivyo hivyo." Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Nami nikacheka, Kijiko. Nilicheka wa mwisho, peke yangu, ndipo nikamwona mkaguzi anafungua kofia ya kalamu.

Yule dada hana kosa. Alidhani nimeuliza swali la kweli.

Mwenye kosa namjua. Aliyekulia nyumba moja na Malkia, akamwona anaketi ameelekea mlango, akamwona anatazama midomo ya watu wakati wa kula, akamtania miaka arobaini. Nilipoona kiti kinaanguka nyuma yako na hukugeuka, kuna kitu ndani yangu kilijua. Nikakiandikia mzaha. Mimi nikiogopa kitu hukiandikia mzaha, hiyo ndiyo elimu yangu yote.

Na warsha ilipokwisha nilikaa siku kumi na saba, nikakuandikia habari za paka.

Nimekwenda kwa mkaguzi mara tatu. Mara ya kwanza alinipa chai. Mara ya pili alinipa kiti. Mara ya tatu katibu wake aliniambia yuko kikaoni, nami nilikuwa nakiona kiatu chake chini ya mlango. Nilimwambia kuna vifaa vya kuwekwa masikioni, akasema fungu lake halipo. Nilimwambia wape darasa walimu wawili, akasema hana hata mmoja mmoja wa kutosha.

Kuna jambo jingine, na afadhali ulisikie kwangu. Mguso wa Kiwiko umeingizwa kwenye kijitabu kipya cha mafunzo, ukurasa wa kumi na nne, pamoja na mchoro. Kitapelekwa shule zote. Nilidai jina lako liwekwe. Wakasema haifai, kwa kuwa aliyeibuni hana sifa za kufundisha.

Usinijibu kama huwezi.

Mjomba


3 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nilikaa kimya kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo mpwa hamwandikii mjomba wake. Nimeyachana. Mengine yatakuwa yamebaki, utayasamehe.

Stoo ni chumba cha dirisha moja. Nagonga mhuri vitabu. Vijitabu vyenu vimefika, maboksi sita, nimevigonga mhuri mimi mwenyewe. Kiwiko kwenye mchoro ni kinene mno.

Wiki iliyopita nilipeleka vitabu shuleni kwangu. Nilisimama dirishani. Mwalimu mpya ni kijana mwenye bidii. Mmoja wa mapacha akaja, akamgusa kiwiko, akangoja. Mwalimu akautoa mkono wa mtoto. Midomo yake nikaisoma vizuri: "Usinishike, nasikia." Mtoto akaendelea kusimama pale, anangoja kugeukiwa.

Nina jambo la kukuomba, na ni la mwisho. Ile video ya pili. Bibi Mdogo aliponigeuza kidevu, aliniambia kitu kirefu, lakini aliinama, na mimi midomo yake sikuiona. Nilimjibu, "Vizuri sana." Ndivyo nilivyokuwa nawajibu nikikosa kuelewa: vizuri sana. Nimewaambia watoto vizuri sana kwa mambo ambayo sitayajua kamwe. Wengi nadhani walikuwa wakinionyesha rangi. Lakini yeye, baada ya jibu langu, aliniangalia kidogo, kisha akaenda zake. Wewe uliandika kwamba ametosheka. Mimi nilikuwa pale, Mjomba. Hakutosheka.

Wiki iliyofuata hakuja shule. Jirani yao akasema wamehama, hajui wapi. Nimeuliza kila mahali ninapoweza kuuliza.

Huyu mtoto alikuwa haongei na mtu. Alichagua mmoja wa kumwambia.

Tafuta kompyuta yenye spika. Sikiliza, kisha niandikie alichosema, neno kwa neno. Hata kama ni kibaya. Kikiwa kibaya, zaidi uniandikie.

Mpwa wako


29 Septemba

Mpwa wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila mara naanza na salamu, na salamu inanikimbiza mbali na jambo lenyewe. Leo ninaanza na jambo.

Sauti haipo. Nilipoiondoa kwa ajili ya warsha, mashine iliniuliza kama nataka mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Ndilo swali lile nililokuandikia kwa kujichekesha. Nilijibu ndiyo. Nimepeleka kadi kwa mafundi watatu. Wa tatu alikuwa na huruma, akaniomba niache kurudi.

Nami sikuwahi kuisikiliza. Walimu sitini na wawili nawahubiria: mara ya kwanza zima, mara ya pili sikiliza. Yako niliitazama mara saba, zote bila sauti, kwa sababu niliipenda jinsi ilivyokuwa. Ningetembea hatua arobaini tu mpaka ukumbini siku ile, ningesikia. Ningejua kabla ya mtu yeyote.

Nilimtafuta yule dada wa safu ya nyuma. Alilia kwanza, kisha akaketi nami siku tatu. Anasoma midomo tangu utotoni, kwa ajili ya baba yake. Tuliipeleka video polepole, kipande kwa kipande. Bwana Hesabu akatoka nje mwenyewe, akatuachia chumba.

Maneno marefu ya Bibi Mdogo hayasomeki. Ameinama, na uso wako umemziba nusu. Tumejaribu mara zaidi ya mia. Dada anasema huenda kuna "nyumbani." Huenda. Hataki kuapa, nami sikumlazimisha.

Ila alipata neno moja lisilo na shaka, nami akanifundisha kuliona. Midomo inakutana, inafunguka, inakutana tena, inaishia imechongoka mbele. Ukishalijua unaliona kila mahali: kwa mapacha, kwa yule wa kaptula nyekundu, katika miguso yote kumi na moja, kila mtoto kabla hajanyoosha mkono wake. Nilikuandikia kwamba darasani kwako hakuna mtoto anayeita. Nikasimama mbele ya ukumbi nikasema hivyo, na kijitabu kinasema hivyo ukurasa wa kumi na nne.

Wanaita, Kijiko. Wote wanaita kwanza. Mwalimu.

Bibi Mdogo ameita mara nne.

Mjomba wako